Mahali pa Fimbo

Nilikuja na mtambo
uwe mahali pa fimbo,
ujuao kila jambo:
hivyo ndivyo nilidhani.

Ulifunzwa barabara
za magari na ishara,
na njia za maabara
zenye chaki sakafuni.

Mkomani, njia ndogo:
punda aja na mzigo,
wasimama kama gogo,
mgongowo ukutani.

Mwanatumu akashika
mpini, tukaondoka;
kidogo tu akacheka,
tukiwa uchochoroni.

«Mbele yako mita tatu,
kulia, naona mtu,
mbele tena kuna kitu
kilicholala njiani.»

«Kitu? Huyo ndiye punda
wa Famau, mwenye donda;
dawa yake imevunda,
naisikia puani.

Hewa baridi ya daka
husema nimeshafika
kwa Bi Tima; nikivuka
nasikia cherehani.

Lakini mtambo wako
una kelele za soko;
masikio yangu yako
gizani, kweli gizani.»

Nikarudi karakana,
Langoni. Hasira sina,
ila aibu ya jana
imenikaba kooni.

Nikakumbuka kofia
asizoona, hutia
uzi; tundu hulijua
kwa ukucha, kidoleni.

Nikaing'oa spika,
mota ndogo nikaweka,
ya simu iliyochoka,
itekenye mkononi.

Jumatano, ghafla waya
wa taa, umelegeya,
ukamchapa. Kwa haya
nikaangalia chini.

Akajifuta, kasema:
«Sasa wanipa heshima.
Ila kilichosimama
kimya, ndicho nijuzeni:

waya uloning'inia,
ngazi fundi kaachia,
shimo walilochimbia
bomba la maji, sokoni.

Mengine yote ni yangu:
ukuta, jua, na chungu
cha pilau cha mwenzangu
kinachochemka ndani.

Tena hapa petu Lamu,
mtu anaposalimu,
kusimama ni lazimu.
Iambieni injini!»

Hilo lilinipa tabu:
nikaandika hesabu,
kila salamu na jibu
nikazipanga safuni.

Sasa akienda duka,
hatua mia kufika,
saa nzima huondoka
kwa salamu barazani.

Watoto wauandama;
wamejua: ukisema
«Shikamoo», husimama.
Hucheka hadi mbavuni.

Wafadhili wauliza:
«Mbona kasi wapunguza?»
Barua nimeilaza,
sijaijibu, mezani.

Jana alitangulia,
mtambo wafuatia;
punda kawapisha njia,
dawa mpya mgongoni.