Wingu Jeupe

Mto unashuka kutoka milima ya Kabare kwa pupa,
unagonga kila jiwe, na kila ukigonga unameza hewa.
Pumzi ya mto wa mlimani ni makelele.
Nililijua hilo kabla ya neno oksijeni.

Kisha ukajengewa ukuta.
Siukatai ukuta. Taa ya maabara hii, hapa Kadutu,
inatoka mle mle, na friji inayotunza chupa zangu.

Maji yakifika bwawani hunyamaza.
Ya juu huota jua, yakawa kijani.
Ya chini hubaki gizani na migomba iliyozama ikiwa imesimama,
na udongo wa mashamba; vijidudu vinakula,
vinapumua mpaka pumzi inaisha,
halafu vinageukia mawe, vinayeyusha chuma na manganizi
kama mwenye njaa anayelamba sufuria.
Lango la ukuta liko huko chini.
Maji yanatoka baridi, maangavu,
yananuka yai lililosahauliwa.

Mama Nabintu alinijia na mashati mawili ya Cishugi,
ya shule, yana madoa ya kutu mabegani.
"Nimesugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu.
Nayaanika meupe, nayaanua hivi.
Wewe uliyesoma: mto unatoka damu?"

Nilishuka na chupa nne zenye vizibo vya kioo.
Chini ya ukuta nilijaza ya kwanza
polepole, lisiingie hata povu moja,
nikadondosha dawa mbili.
Maji yenye pumzi hufanya wingu la kahawa.
Hili lilikuwa jeupe.
Likashuka jeupe, likatulia jeupe,
kama uji wa mgonjwa.
Na mimi niliyelelewa kuamini kwamba cheupe ni safi!

Ya pili, kwenye daraja la miti: jeupe, ukingoni chai hafifu.
Ya tatu, baada ya maporomoko: chai.
Ya nne, pale mto unapopiga tena kelele
hata sikusikia simu ikiita: kahawa.
Nikaketi juu ya jiwe nikacheka peke yangu.
Kilomita sita. Mto unahitaji kilomita sita kujikumbuka.
Nabintu anafulia kwenye daraja.

Injinia Mugisho alisoma namba zangu akakuna kidevu.
Lango la juu lipo, alisema, ila likifunguliwa
mtambo mmoja unalala, na mji utauliza.
Mji ni mimi.

Nilikuwa namwandikia barua umeme ulipokatika. Delestaji.
Kwa tochi ya simu nikamalizia chupa ya mwisho,
tone kwa tone, wanga wa muhogo ukiwa buluu,
buluu, buluu, mara hakuna kitu.
Shati moja la Cishugi linaning'inia nyuma ya mlango.
Gizani halina doa.