Safu ya Saba

Inspekta ataka jedwali kabla ya saa sita.
Nimefungua kitabu cha matukio, nahesabu kwa vijiti:
vinne vimesimama, cha tano kimelazwa juu yao
kama mtu aliyepitiwa na usingizi mlangoni.

Safu ya saba: Waliozuiliwa kwa maradhi ya akili.
Julai, tisa. Agosti, kumi na wawili. Septemba, ishirini.
Jumla, arobaini na mmoja.
Mombasa watasema Malindi imeharibika.
Nairobi watachora mstari unaopanda.

Lakini mwandiko ni wangu, naujua.
Kumi na saba kati ya hao arobaini na mmoja
ni Dama Mwagandi. Mmoja. Wa Maweni.
Usiku hufagia lami mbele ya benki
kwa kanga yake, hali hana nyingine mwilini.
Twamleta, twamfunika blanketi la selo.
Asubuhi huuliza, "Afande, leo nani kafagia?"
Kila akija, kijiti.
Fomu haiulizi nani. Yauliza wangapi.

Kuna safu ya jinsia, safu ya umri,
safu ya saa alizokaa kabla ya kuonwa na daktari.
Daktari huja Alhamisi, tena si kila Alhamisi.
Nimeandika "chini ya ishirini na nne" mpaka chini,
maana nikiandika kweli
fomu itarudi, na nyekundu juu yake.

Na yule kijana wa Shela
aliyeadhini saa nne asubuhi juu ya tangi la maji,
sauti tamu hata konstebo mmoja
akajikuta amevua viatu?
Hayumo humu. Koplo wa zamu alimwandika "fujo".
Yuko safu ya pili, na walevi.

Kitsao naye hayuko safu yoyote.
Nilimkuta Muyeye nikiwa doria peke yangu,
mifuko imejaa kokoto, asema ni nauli.
Nilivua kofia ya serikali nikaitia kwapani,
nikamshika mkono kama tulivyokwenda chekechea,
tukapita uchochoroni mpaka nyumbani.
Mama alishanunua komeo.
Komeo liko upande wa nje.

Sikuandika kitu usiku ule.
Leo nimempitisha kidole kila mstari, nikimtafuta,
mimi niliyemficha.
Pembeni nimechora kijiti cha penseli,
nikakifuta. Karatasi imebaki na mfereji;
ukiiinua juani, kipo.

Inspekta asoma amesimama, chai mkononi.
"Septemba mbona imepanda hivi, Sidi?
Watu wanarukwa na akili kwa sababu ya joto, au nini?"

"Hapana, afande.
Benki wameweka taa mpya.
Sasa anaonekana."