Namba Yangu Iko Dirishani

Namba yangu iko dirishani mwa duka la mikate,
iko ukutani kwa mfamasia, iko ubavuni mwa gari,
tarakimu tisa nyeupe, ndefu kama mkono wangu.
Na jina zima: Bohumil Vrána, fundi piano, Brno.
Miaka ishirini na mitatu nimelala chali,
simu kando ya sikio, sijawahi kushtuka.
Apigaye usiku ni mzee Havelka tu, mjane,
hakumbuki saa, anachokumbuka
ni kwamba noti moja ya kati inakoroma.
Namwambia: Jumanne. Narudi usingizini.

Nilidhani huo ni ujasiri.

Zdislava ana sikio kunizidi. Sisemi kwa adabu.
Akiingia chumbani husikia waya ulioteleza
mimi sijafungua hata kifuniko.
Lakini jina lake hutalikuta ukutani.
Wateja wake humfikia kwa kupitia kwangu,
nami kila kazi nakata asilimia kumi,
na hiyo nikaiita msaada.

"Jitangaze," nilimwambia, tukinywa supu ya kitunguu saumu.
"Biashara ni kuonekana. Mficha uchi hazai."
Akakunja leso. Akaikunjua.
Akasukuma simu ya zamani juu ya meza:
"Ndiyo niliyoitangaza mwaka wa kwanza.
Kaa nayo wiki."

Nilikaa nayo siku nne.
Wa kwanza alikata aliposikia sauti ya kiume.
Wa pili alipumua.
Wa tatu alitaka kujua kama fundi huja peke yake,
kama huvaa sketi akiinama kwenye kanyagio.
Nikamuuliza piano yake ni ya aina gani.
Akacheka. Hana piano.
Alhamisi, saa nane na dakika ishirini usiku,
mmoja akautaja mlango wa Zdislava:
wa kijani, ghorofa ya pili, kitasa kimelegea,
polepole, kama asomaye risiti.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mimi nilikuwa nauza godoro.

Ijumaa nilichukua bisibisi na kitasa kipya,
nikapanda ngazi zake, mara ya kwanza tangu masika.
Mlango ulikuwa wa kahawia.
Rangi imekauka zamani, imeshaanza kuchubuka pembeni.
Komeo mbili. Kitasa kimekaza.
Yote hayo aliyafanya akija kazini kila asubuhi,
akinisalimu, akiniuliza hali ya mgongo wangu.

Nikabisha hodi.
"Nani?"
Nikataja jina zima, lile la dirishani,
kwa sauti ile ile ya kutoa miadi.

Ndani, kimya. Kisha:
"Jina kila mtu analijua.
Rudi nyuma hatua mbili, nikuone."

Nikarudi hatua mbili,
bisibisi mkononi,
nikaificha, nikaona vibaya,
nikaitoa tena.