Upana wa Kidole

Ujiji jua huchelewa kutua.
Saa moja kasoro dakika tano bado lilikaa
juu ya milima ya Kongo, kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado anatafuta viatu.

Tulikuwa uani, nyuma ya nyumba ambayo kesho
ingepimwa kwa futi na kugawanywa kwa tatu.
Sumaili alikuja na meli kutoka Kalemie,
Zabibu kwa basi la Mpanda, vumbi hadi kwenye kope,
na mimi sikutoka popote,
ndiyo maana wote wawili walinishuku.

Hakuna aliyesema. Chai ya maziwa ilipoa, ikaota ngozi.
Kisha Zabibu, akianua kanga kwenye kamba,
akasimama na vibanio mdomoni:
“Hiyo nini?”

Zuhura kwanza, bila haya, nyeupe kama jino.
Juu yake, kushoto kidogo, Mshtarii,
imetulia, haipepesi.
Na chini kabisa, pale mbingu ilipobaki na rangi
ya mawese yanayoanza kuganda,
kitone ambacho Zabibu aliapa ni karabai
ya wavua dagaa waliowahi kutoka.
“Karabai haikai juu ya mlima,” akasema Sumaili.
Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu matanga.

Utaridi, nikawaambia.
Nimezifuatilia wiki nzima,
mkono nimeunyosha, jicho moja nimelifumba:
Jumatatu kati ya zile mbili za juu vilipita vidole vitatu,
Jumatano viwili,
leo kimoja, tena hiki cha mwisho, chembamba.

Wakanyosha mikono.
Watu wazima watatu, kila mmoja na jicho lake wazi,
wanapima mbingu.
Jirani, Mama Bukuru, akachungulia juu ya ukuta
akadhani sasa tunagombea na anga.

Sikuwaambia lililobaki:
kwamba hazikaribiani hata kidogo,
kwamba kati yao kuna giza ambalo meli ya Kalemie
ingelikata na kulikata, wajukuu wakizaliwa sitahani,
wakizeeka, wala isifike;
kwamba kukutana kwao ni sisi,
ni hapa tuliposimama,
kando ya banda la kuku la marehemu.
Mtu akisogea mbali ya kutosha, hakuna mkutano.

Basi nikabaki palepale. Nilikuwa naogopa hata kukohoa.

Utaridi ikazama ya kwanza.
Sumaili akatazama saa,
akasema mpimaji anakuja asubuhi saa mbili,
afadhali tukalale,
lakini hakuinuka.
Ziwani karabai za kweli zikaanza kuwaka,
moja, nne, kisha nikapoteza hesabu.

Zabibu akamsogezea kikombe.
Chai ilikuwa baridi, na ile ngozi juu.
Akainywa yote.