Herufi Moja

Saa kumi na moja alfajiri, Rushere,
pikipiki zinashuka na madebe ubavuni
na Natukunda, koti jeupe, mkono mkavu,
anazamisha kipimo ndani ya kila debe.
Kikielea juu, maziwa ni maziwa.
Kikizama, kuna mto humo.
Habishani. Husema tu, "Rudisha."
Mwezi wa tatu alirudisha debe la mama yake mzazi.

Mimi ni wa chumba cha nyuma,
kati ya tangi la kupoozea na magunia ya chumvi ya ng'ombe.
Niliandika programu ya ushirika:
lita ngapi, za nani, alipwe kiasi gani.
Wafugaji mia tatu na kumi na wawili;
kila Ijumaa simu zililia kidogo mifukoni mwao.

Sikuandika yote. Nani huandika yote?
Nani hufua sindano kabla ya kushona?
Nilihitaji kitu kidogo cha kusoma tarehe,
nikakichukua mtandaoni, bure,
kama unavyoomba kaa la moto kwa jirani:
kazi ya mtu nisiyemjua
juu ya kazi ya mtu asiyemjua yeye,
na huyo juu ya mwingine,
hadi chini kabisa, pengine kijana mmoja
mwenye macho mekundu, katika mji wa baridi,
ambaye hajawahi kununuliwa hata kikombe cha chai.

Umeme ulikatika mara mbili usiku ule.
Nikaandika jina la kifurushi haraka, betri asilimia sita.
Nikakosea herufi moja.
Mlango ukafunguka hata hivyo.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi:
kosa langu lilikuwa na mwenyewe, akilisubiri.
Mtu aliketi mahali, akakisia
kidole changu kitateleza wapi,
akajenga nyumba hapo hapo, akaipaka rangi ile ile,
akaandika maelezo, hata shukrani kwa waliochangia.
Na kilifanya kazi! Kilisoma tarehe
vizuri kuliko nilivyotarajia.
Mwizi aliyeanza kwa kuosha vyombo.

Siku kumi na tisa.
Saa nane za usiku, tangi likinguruma,
seva yangu iliamka peke yake
ikanong'ona na anwani ya ugenini:
funguo, nywila, majina.
Kembabazi, lita kumi na nne.
Rwabushaija, lita tisa,
yule mwenye Gaaju aliyevunjika pembe.

Sikugundua kwa ujuzi.
Bando la data liliisha Jumanne, kabla ya siku yake.
Nikafungua kifurushi, nikasoma,
na katikati ya tarehe na miezi
nikakuta mstari mmoja mrefu usio na nafasi,
herufi zimesongamana kama siafu.

Ijumaa ile simu hazikulia.
Nilizima kila kitu, nikabadili kila ufunguo,
tukalipa kwa daftari na foleni.
Rwabushaija alipofika mezani akaniuliza,
"Nani aliingia?"
"Nilimwingiza mwenyewe."
"Alikuja na nini?"
"Na kazi nzuri."
Akahesabu noti zake mara mbili, akazikunja.
"Anayetia maji kwenye maziwa," akasema,
"hatii maji machafu."

Nilitoa taarifa. Kifurushi kikaondolewa.
Baada ya siku mbili kilisimama kingine,
kimekosewa herufi nyingine.

Jioni nilimkuta Natukunda akisuuza madebe.
Nikamuuliza alimwambia nini mama yake.
"Sikumwambia kitu," akajibu.
"Nilizamisha kipimo, akaona."

Programu yangu ina vifurushi mia nne na sita.
Ninavisoma mmoja mmoja, mstari kwa mstari,
usiku, umeme ukiwapo.
Nimefika cha saba.