Ukaguzi, Nyumba ya Wazee, Tudor

Nimefika saa tatu bila kutangaza,
lakini sakafu ilikuwa na habari:
harufu ya dawa imenipokea langoni,
mashuka yamenyoshwa kama barua ya serikali,
wazee kumi na mmoja wamechanwa nywele
zote upande mmoja,
hata Mzee Pereira, aliyebakiwa
na nywele nne na heshima yake.

Fomu yangu ina kurasa tisa.
Mtungi wa kuzimia moto: upo.
Kabati la dawa: limefungwa, ufunguo u shingoni mwa Dama.
Choo kina vishikio. Maji yanatoka, leo.
Daftari la usiku: limejazwa.
*Amegeuzwa saa nne. Amegeuzwa saa sita.
Amegeuzwa saa nane.*
Miezi mitatu, kalamu moja, wino mmoja,
mwandiko usiowahi kusinzia.
Ramadhani nzima imepita katikati ya kurasa hizo
na hapana hata tone la chai ya daku.

Nikatia alama. Mkono ulikuwa mzito,
lakini ulitia.

Chumba cha nyuma, mkabala na jenereta la jirani,
Bi Mwanakheri akaniita kwa kidole.
"Ndoo hapa. Nyosha mikono."
Nikanyosha, mtu mzima na beji yangu.
Akaigeuza, akakagua kucha moja moja.
"Huu mrefu. Ungenigeuza nao ungenitoa damu."
Miaka thelathini na miwili alikuwa sista, Makadara,
wodi ya wanaume walioangukiwa na mizigo Kilindini;
alipitisha kitambaa cheupe chini ya vitanda
na wauguzi wakashika pumzi.

Kisha akauinua mto.
Kalenda ya duka la saruji, ya mwaka jana,
na nyuma ya kila mwezi, penseli:

*Saa saba na robo nimebonyeza kengele.
Saa nane kasoro tano kaja. Mgongo wamuuma. Nimemsamehe.*

*Jumanne hakuja mtu. Sikumsamehe mtu.*

*Pereira kamwita mamake mpaka alfajiri.
Nimemwitikia mimi.*

*Alhamisi. Kanigeuza vizuri. Mikono ya moto.*

Nilisoma nimesimama, kisha nikaketi.
Sijauliza kama ninakili, akanijibu:
"Wewe saa sita utakwenda zako, mwanangu.
Mimi nitabaki na usiku wao."
Akairudisha kalenda mahali pake
akailalia, akafumba mato.

Sikunakili.
Nilibonyeza kengele yake, nikatazama saa.
Dakika ya pili, jikoni nazi inaungua.
Dakika ya nne, mtu anakohoa, mtu anaomba maji,
si mimi niliyeombwa, nikampa.
Dakika ya saba Dama akaja mbio,
unga hadi viwikoni, ndara za rangi mbili.
"Nisamehe, niko peke yangu.
Sidi aliachishwa kabla ya mfungo."
Na usiku?
"Usiku pia. Mimi ndiye ratiba."

Nikampa fomu. Ukurasa wa mwisho
huwa tunaomba mhudumu aandike jina, kazi yake,
na saa alizoingia. Ni utaratibu tu, kila nyumba.
Akafuta unga kwenye leso, akaandika
herufi kubwa, nzito, zilizoinama kushoto
kama watu wanaosukuma mkokoteni.
Hata moja haikufanana na zile za daftari.
Zile ni za Bwana Twalib, mwenye nyumba,
ambaye kila usiku huvuka daraja
akalale Nyali.

Basi nikarudi ukurasa wa nne,
nikakata alama yangu mwenyewe, nikaweka sahihi kando.
Sababu: *mwandiko.*
Nafasi ya maoni ina mistari miwili.
Nimeandika hadi pembeni, nikageuza karatasi,
nikaandika na nyuma yake,
mahali ambapo hapana anayesoma
ila mtu kama Bi Mwanakheri.

Sijui kama Sidi atarudishwa.
Ngazini, kabla ya jua kunipiga usoni,
nikaung'ata ule ukucha.