Kumfundisha Kaije Menyu

Usibonyeze kwanza, Kaije. Soma.
Hapo kwenye menyu kivinjari kimeandikwa mara nne,
jina moja, kijipicha kimoja cha buluu,
na ni milango minne ya vyumba visivyosalimiana.

Kompyuta unayoiona ni hii moja,
niliinunua Unguja kwa mtu aliyekuwa anahama,
imechubuka pembe, herufi ya M haishiki mpaka uikemee.
Lakini ndani yake mna mashine pepe,
kila moja inajidhania iko peke yake duniani
kama wapangaji wa nyumba ile ya Bopwe
waliokaa miaka minane ukuta kwa ukuta
na hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake chumvi.

Ya kijani ni benki.
Ya buluu ni kazi za wateja: vyeti vya kuzaliwa, maombi ya pasi,
talaka, ndiyo, hata talaka, tunazipiga chapa kwa wino uleule.
Nyeusi ni ghala la maneno ya siri. Haina mtandao.
Nyekundu ni baraza.
Unaijua baraza: mgeni anakaa, anapewa kahawa, anasema yake,
uani hafiki.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hawakuiona flashi iliyotoka Mtambwe
ikapita kompyuta arubaini kabla ya kufika Wete.

Juzi uliitia programu ya kusomea hati ndani ya buluu,
ukafurahi, ukaniita nije nione.
Nilikuja. Nikasema hongera. Sikukwambia.
Usiku umeme wa Tukuza ukatuishia,
asubuhi ukawasha: programu haipo,
njia yake ya mkato imebaki kwenye menyu,
kibao cha duka lililohama.
Ukanitazama kana kwamba nimeiba mimi.

Sikiliza. Vyumba vinatoka kwenye kiolezo
kama vitumbua kwenye chuma kimoja.
Ukinyunyiza hiliki juu ya kitumbua, umekinukisha hicho tu,
kikishaliwa, basi.
Hiliki itie kwenye unga.
Kisha zima chumba, kiwashe, iambie menyu ijisome upya,
ndipo uchague chumba kipi kionyeshe nini.

Na kuchagua ndiyo kazi yenyewe.
Ghala lina haja gani na kivinjari? Kitoe kwenye orodha yake.
Benki haitaki muziki,
nakujua wewe, usinune.
Mlango usioonekana
hausukumwi na mkono wenye usingizi.

Unaniona mkali.
Ramadhani ya mwaka juzi, saa tisa alasiri, kichwa kinazunguka,
alikuja Mwalimu Mbarouk Shaame
atazame kama kiinua mgongo chake kimeingia.
Nilibonyeza cha chini badala ya cha juu.
Ukurasa uleule, nembo ileile,
pembeni mstari mwembamba mwekundu, sikuutazama.
Nikaliandika neno lake la siri barazani
mbele ya wageni wote.

Hazikwenda zote. Zilizokwenda nazilipa kidogo kidogo,
imebaki laki moja na nusu.
Yeye hasemi kitu.
Hupita, husimama, huuliza watoto hawajambo,
na salamu ile, Kaije, ndiyo riba.

Haya, futa vibao vitupu.
Kimoja kimoja, usifute kwa mkupuo,
na kila unachofuta kitaje kwa sauti,
nisikie.

Hodi.
Kijana simjui, flashi ameifunga kwa kamba ya kiatu
akaivaa shingoni.
Mikono yangu naiweka mapajani.
Huniulizi. Unaipokea, unaipuliza vumbi,
kidole kinapita kijani, kinapita buluu,
kinasita kidogo, moyo wangu nao,
kinashuka.
"Karibu," unasema,
sijui unamwambia yeye au flashi,
"karibu hapa barazani."